Sahani Iliyojaa Mmea Mmoja

Mtu anayetaka kula vizuri Dar es Salaam au Nairobi leo husikia mambo yasiyopatana ndani ya siku moja. Asubuhi redio inamwambia wanga ndio chanzo cha kitambi na kisukari, aachane na ugali. Mchana ujumbe wa WhatsApp unamwonya kwamba nyama nyekundu inaleta saratani, ahamie kwenye mboga. Jioni jirani anamkumbusha kwamba wazee wa zamani walikula vya asili na presha hawakuijua. Mihadhara ya Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyechaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, imeufanya ulaji uwe mada ya vijiweni Tanzania, na hilo ni jambo jema. Lakini neno la kitaalamu likishapita midomo mingi hubaki nusu: wanga ni sumu, matunda yana sukari, maharage yanajaza gesi. Msikilizaji anaishia kuogopa kila kitu kilichoko mezani.

Swali lenyewe linajibika. Je, ulaji wenye mimea mingi unalinda afya kwa miaka mingi, na je, mtu anaweza kuufuata kila siku kwa raha, bila kujiona kama anayemeza dawa? Jibu ni ndiyo, ila lina sharti ambalo mijadala yetu hulipita. Mimea mingi maana yake ni aina nyingi za mimea. Kaya nyingi za Tanzania na Kenya tayari hula mimea asubuhi hadi usiku. Tatizo ni kwamba mara nyingi ni mmea uleule, mahindi, tena ukiwa umeshavuliwa sehemu zake bora.

Mahindi yaliyokuja bila maarifa yake

Mahindi ni mgeni hapa. Yametoka Amerika, na kabla yake bara lilikula mtama, uwele na ulezi. Huko kwao, watu wa Mexico hupika mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, na hatua hiyo hufungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Punje zilivuka bahari, maarifa hayo yakabaki. Matokeo yake yalionekana waziwazi Malawi mwaka 1990, kwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakiishi kwa mgao wa mahindi. Karanga zilipokosekana kwenye mgao, karibu watu 18,000 waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi, utumbo na akili unaotokana na ukosefu wa niasini. Sahani zao zilikuwa za mimea karibu tupu. Kilichokosekana ni mmea wa pili.

Ukisimama kwenye mashine ya kusaga mtaani, tofauti ya dona na sembe unaiona kwa macho. Mahindi ya dona yanamiminwa yalivyo, na unga unatoka na rangi ya krimu na harufu ya nafaka. Ya sembe yanaanzia kwenye kinu cha kukoboa. Ganda linatoka, na pamoja nalo kiini, ile sehemu laini iliyo kwenye ncha ya punje. Pumba zinajazwa viroba na kuuziwa wafugaji. Ndani ya viroba hivyo imo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za punje ile, mafuta yake, vitamini za kundi B na madini. Kuku na nguruwe wanapata kilicho bora, mtu anabaki na wanga mweupe.

Wanaochagua sembe wana sababu zao, na ni dharau kuwaona wajinga. Kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wa dona huharibika upesi kuliko sembe. Ugali wa sembe ni mlaini na mweupe, na weupe umehesabiwa kuwa heshima kwa vizazi. Dona kwa watu wengi linakumbusha bweni, jela na njaa. Serikali za Kenya na Tanzania zimejaribu kufidia upungufu huu kwa kutaka viwanda viongeze virutubishi kwenye unga, na ni hatua nzuri. Lakini unga ulioongezewa madini ya chuma na asidi ya foliki haurudishiwi nyuzinyuzi zake, na unga unaosagwa kwenye mashine ndogo za mitaani na vijijini mara nyingi haufikiwi na mpango huo.

Neno linavyoipanga sahani

Kiswahili cha bara kina jambo moja linaloeleza mengi. Mtu akiuliza, "Leo mboga nini?" anaweza kujibiwa samaki, nyama, maharage au mchicha. Mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Chakula chenyewe ni ugali, au wali, au ndizi. Mtu aliyekula papai, karanga na muhogo wa kuchemsha mchana kutwa anaweza kusema kwa dhati kwamba hajala. Nchini Kenya jani linaloliwa kuliko yote limepewa jina la kazi yake, sukuma wiki, yaani la kusukumia wiki hadi pesa zipatikane.

Mpangilio huu una gharama. Kipato kikiongezeka, familia haiongezi aina ya majani na mikunde, kwa sababu hayo yanahesabiwa kuwa chakula cha wakati wa shida. Inaongeza nyama, chipsi, soda na mafuta. Watu wanahama kutoka mlima wa ugali wenye mboga kidogo hadi mlima wa wali wenye nyama, bila kupita kwenye sahani yenye mchanganyiko. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu Tanzania wa mwaka 2015/16 uliyakuta matatizo yote mawili katika nchi moja: asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene, na asilimia 45 walikuwa na upungufu wa damu. Yapo makundi mawili hapo, na wapo pia wanawake wenye yote mawili kwa pamoja, mwili ulioshiba nguvu na wenye njaa ya madini.

Hoja ya kwanza: turudi kwenye vya asili

Hoja hii ina mizizi Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946. Daktari Hugh Trowell alikuwa amefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, na mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Wote wawili waliona jambo lililowashangaza: maradhi ya kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana, ambayo yalijaza wodi za Uingereza, yalikuwa nadra kwa wagonjwa wao wa vijijini. Wakaelekeza kidole kwenye nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa.

Ushahidi wao ulikuwa na mashimo. Hospitali za wakati huo zilikosa vipimo vingi, watu wengi walifariki kabla ya kufika umri wa maradhi hayo, na waliofika walikuwa wakilima na kutembea siku nzima. Lakini wazo lenyewe limestahimili vipimo vya baadaye. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, uliojumlisha tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58, ulikuta kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana hatari ndogo ya kufa mapema kwa asilimia 15 hadi 30 wakilinganishwa na wanaokula kidogo, na kwamba gramu 25 hadi 29 kwa siku zinatosha kuleta faida kubwa. Namna inavyofanya kazi inaeleweka. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi tumboni. Zinafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, na katika kuchachusha huko wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuutuliza.

Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula vya watu 20 weusi wa Marekani na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini kwa wiki mbili. Waamerika walikula kwa mtindo wa kijijini, wenye nyuzinyuzi nyingi, na Waafrika walikula kwa mtindo wa Marekani, wenye nyama na mafuta mengi. Ndani ya muda huo mfupi bakteria wa utumbo na dalili za hatari ya saratani vilibadilika kwa pande zote mbili, kila kundi likisogea kuelekea hali ya mwenzake.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka Kilimanjaro. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kienyeji cha vijijini, chenye mboga, matunda, mikunde na nafaka zisizokobolewa, walipewa chakula cha mtindo wa kimagharibi kwa wiki mbili. Wa mjini waliozoea vya viwandani walifanyiwa kinyume chake. Kundi la kwanza lilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwenye damu, na chembe zao za kinga zilijibu kwa unyonge zaidi zilipokutanishwa na vijidudu. Kwa kundi la pili dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baada ya jaribio. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya kienyeji, kwa wiki moja, nalo likaonyesha nafuu ya namna hiyo, jambo linaloelekeza macho kwenye uchachushaji wa ndizi na ulezi. Mtu asilichukue hilo kama ruhusa ya kulewa. Jaribio halikupima ini wala ajali za barabarani.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye neno "asili". Walioshiriki Kilimanjaro walikuwa wachache, wanaume tu, kwa majuma machache, na kilichopimwa ni dalili kwenye damu, si maradhi. Tena asili yetu haikuwa moja. Ilikuwa na miezi ya njaa kabla ya mavuno, na ilikuwa na vyakula vinavyohitaji ujuzi. Kisamvu kisipotwangwa na kuchemshwa vya kutosha hubaki na sumu ya sayanidi. Anayesema turudi kwenye vya asili lazima aseme ni vipi hasa, na nani atapika.

Hoja ya pili: tuache nyama kabisa

Wanaotetea hoja hii wana tafiti kubwa mkononi. Waadventista wa Marekani na Kanada, waliofuatiliwa na Chuo Kikuu cha Loma Linda, wanafaa sana kwa ulinganisho huu kwa sababu wengi wao hawavuti sigara wala kunywa pombe, wale nyama au wasile. Matokeo ya mwaka 2013, yaliyohusu zaidi ya watu 73,000, yalionyesha kwamba wasiokula nyama walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12 wakilinganishwa na wenzao wanaokula. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Lakini katika utafiti uleule wa Waadventista, waliokula samaki pamoja na mimea walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 19, yaani walifanya vizuri kuliko wala mimea kwa jumla. Na utafiti wa Oxford uliofuatilia watu wapatao 48,000 kwa miaka 18, na kutoa matokeo yake mwaka 2019, ulionyesha sura mbili za jambo hili. Wasiokula nyama walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 22, ila kiharusi kilizidi kwa asilimia 20. Kwa hesabu ya watu 1,000 kwa miaka kumi, hiyo ni wagonjwa wa moyo kumi pungufu na wa kiharusi watatu zaidi. Bado ni faida. Mwaka uliofuata watafiti hao waliona kwamba wasiokula chochote cha mnyama walivunjika mifupa zaidi, hasa nyonga. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea ya kawaida, na asiyekula mayai, maziwa wala samaki lazima aitafute kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Kuna tundu jingine, na hili linatuhusu moja kwa moja. Kutokula nyama si kipimo cha kula vizuri. Chipsi na soda ni mimea. Maandazi na chai ya sukari ni mimea. Watafiti wa Harvard walipotenganisha ulaji wa mimea yenye afya na ulaji wa mimea iliyokobolewa na kutiwa sukari, mwaka 2017, waliona wa kwanza unaambatana na ugonjwa pungufu wa moyo kwa asilimia 25, na wa pili unaambatana na ongezeko la asilimia 32. Wote waliokuwa juu kwenye vipimo hivyo viwili walikula mimea mingi.

Hoja ya tatu: adui ni wanga

Hoja hii ndiyo imeshika miji yetu kwa sasa, na ina ukweli ndani yake. Mtu mwenye kisukari cha ukubwani akipunguza ugali mkubwa, wali, mkate na sukari, sukari ya damu hushuka, na uzito hushuka pia. Kwa anayekula mlima wa wanga uliokobolewa mara tatu kwa siku huku amekaa ofisini, kupunguza ni ushauri sahihi bila ubishi.

Wapenzi wa hoja hii hupenda kuwataja Wamaasai, na wana haki. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa Wamaasai wanaume 400 walioishi kwa maziwa na nyama, wakakuta lehemu ndogo kwenye damu na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Miaka minane baadaye, uchunguzi wa miili 50 ulionyesha kwamba mafuta yalikuwa yameganda kwenye mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka na kuacha njia pana ya damu. Maelezo yanayoelekea kufaa ni miendo yao, kilomita nyingi kila siku nyuma ya ng'ombe. Mfanyakazi wa Upanga, Dar es Salaam, anayechukua nyama choma ya Mmaasai bila kuchukua miguu yake amechukua nusu ya habari.

Kosa kubwa la hoja hii ni kutia soda, chapati, maharage na viazi vitamu kwenye kapu moja kwa sababu vyote vina wanga. Wanga wa maharage umefungamana na nyuzinyuzi na protini, unaingia kwenye damu polepole. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford waliwagawa watu 609, nusu wakapunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka tofauti ya uzito kati ya makundi haikuwa ya maana. Makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa jambo moja tangu mwanzo: kuleni mboga nyingi, acheni sukari na unga mweupe.

Watoto wa Embu

Upo ushahidi ambao wapenzi wa mimea hawapaswi kuukwepa, nao umetoka mashambani Kenya. Kati ya 1998 na 2000, watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza katika shule 12 za Embu waligawanywa. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama, jingine githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula shuleni. Githeri ni mahindi na maharage, mchanganyiko ambao kwa protini unasifika, kwa sababu kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye maharage. Hata hivyo, watoto wa githeri yenye nyama ndio waliopanda zaidi kwenye majaribio ya kufikiri na kwenye misuli, na walikuwa wachangamfu zaidi uwanjani. Maziwa yaliwasaidia kurefuka wale waliokuwa wadogo au wamedumaa. B12 iliongezeka kwa makundi yote mawili ya vyakula vya mnyama.

Katika nchi ambayo mwaka 2022 watoto 3 kati ya 10 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kama Tanzania, kuwaambia wazazi wapunguze vyakula vya mnyama kwa watoto ni kosa. Ushauri unaomfaa meneja wa miaka 50 aliyezoea nusu kilo ya kiti moto haumfai mtoto wa Embu. Tume ya EAT-Lancet ya mwaka 2019, iliyopendekeza wastani wa gramu 14 tu za nyama nyekundu kwa siku, ilikosolewa Afrika kwa sababu hiyo hasa, ingawa yenyewe ilikiri kwamba wapo watu wanaohitaji zaidi ya wanachopata sasa.

Bahati nzuri tunayo dagaa. Samaki huyu anayeliwa mzima, kichwa na mifupa, analeta chuma, kalsiamu na B12 kwa kiasi ambacho nyama haikifikii kwa bei ileile. Kijiko cha unga wa dagaa ndani ya mchicha hakiondoi sifa ya sahani kuwa ya mimea.

Kuni, muda na sumukuvu

Wataalamu wengi huishia kwenye virutubishi na kuusahau moto. Maharage makavu yanaweza kuchukua saa mbili au tatu jikoni, na kwa mama anayenunua mkaa kwa kopo, gharama ya kuivisha inaweza kukaribia gharama ya maharage yenyewe. Ndiyo sababu moja ya chipsi kushinda: zinauzwa zimeiva. Kuloweka usiku kucha kunapunguza muda wa kupika, kunapunguza gesi tumboni, na kunapunguza fitati, kile kitu ndani ya nafaka na mikunde kinachoshikilia madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Kuchachusha uji na kuotesha ulezi kunafanya kazi hiyohiyo. Sufuria ya presha inakata muda zaidi, kwa aliye nayo.

Ipo hatari nyingine isiyozungumzwa vya kutosha. Mahindi na karanga zilizokaushwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Kenya mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui. Tanzania mwaka 2016 walifariki 20, Dodoma na Manyara. Kwa miaka mingi sumu hiyo hiyo kwa kiasi kidogo huleta saratani ya ini. Anayekula nafaka moja kila siku anaweka hatari yake yote kwenye gunia moja. Anayechanganya mahindi na mtama, muhogo, ndizi na viazi ameigawa.

Ladha ndiyo inayoamua

Hakuna anayekula kwa miaka 30 kitu asichokipenda. Hapa ndipo pwani ina cha kufundisha, kwa sababu watu wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja hawali mbaazi kwa shida. Wanazitamani.

Tazama mbaazi za nazi zinavyopikwa. Zinalowekwa usiku, zinachemshwa hadi ziive bila kupasuka. Linatiwa tui jepesi kwanza, pamoja na kitunguu, binzari na pilipili mbichi iliyochanwa, na zinaachwa zilinywe tui hilo. Tui zito linakuja mwisho, moto mdogo, mwiko ukizunguka bila kusimama ili lisikatike. Chumvi ni kidogo, maana binzari na nazi vimeshafanya kazi. Asubuhi zinaliwa na mahamri, na mtu hakumbuki kwamba hakuna nyama mezani.

Nazi nayo ina hesabu yake, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta yake ni yale yanayopandisha lehemu. Mwenye matatizo ya moyo atumie tui jepesi, au karanga zilizosagwa. Lakini kuondoa mafuta yote kwenye mboga ni kukosa mara mbili, kwa ladha na kwa lishe: vitamini A ya mchicha, ya maboga na ya viazi lishe haiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Limau na nyanya zinasaidia chuma cha majani kufyonzwa. Chai inakizuia, na ni bora inywewe saa moja au mbili baada ya mlo. Magadi yanayotiwa ili kulainisha majani au kunde yanaongeza chumvichumvi na kuharibu baadhi ya vitamini. Kupika mchicha dakika chache, ubaki na kijani chake, kunafaa ulimi na mwili kwa pamoja.

Mgagani na mnavu ni michungu, na uchungu huo umewafukuza wengi. Magharibi mwa Kenya wameutatua kwa kupika majani hayo na maziwa au krimu, na Wagogo wana njia zao za kukausha na kuunga na karanga. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kutetea majani haya ya kienyeji, na kazi yake ilitunukiwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010. Mboga zilizodharauliwa kama magugu sasa zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi.

Mizani

Nikipima hoja hizi pamoja, hoja ya vya asili ndiyo yenye uzito mkubwa kwetu, mradi neno asili litafsiriwe kuwa nafaka isiyokobolewa, mikunde kila siku na majani ya aina zaidi ya moja. Hoja ya wanga ina haki juu ya sukari na unga mweupe, ikipita hapo inapotosha. Hoja ya kuacha nyama kabisa inamfaa anayeichagua kwa imani au dhamiri na yuko tayari kutafuta B12. Haihitajiki ili kupata sehemu kubwa ya faida, na kwa watoto na wajawazito wasiopata mbadala ina hatari.

Kwa kaya yenye pesa ya kubadilisha jambo moja tu, ningeanza na mikunde: maharage, kunde, choroko au mbaazi, kila siku badala ya mara mbili kwa wiki. La pili ni unga, dona jipya linalosagwa kidogo kidogo, au sembe iliyochanganywa na mtama. La tatu ni jani la pili kwenye sahani ileile. Nyama ipungue kwa anayeila kila siku. Kwa mtoto asiyeipata kabisa, liongezwe yai, maziwa au dagaa.

Yote haya yanategemea sehemu moja ambayo wizara zetu haziipi uzito wake, nayo ni jiko la shule. Mamilioni ya Watanzania na Wakenya walijifunza kuchukia dona na maharage bwenini, ambako maharage yalichemshwa kwa maji na chumvi, bila kitunguu, bila kuchambuliwa vizuri, kwa miaka minne au sita mfululizo. Waliondoka na cheti na kinyongo dhidi ya mikunde. Kwa sufuria ya wanafunzi 300, vitunguu, nyanya, karoti na lita chache za mafuta ni sehemu ndogo ya bajeti ya chakula, na kuloweka maharage jana yake kunarudisha sehemu ya pesa hiyo kwenye kuni. Mpishi wa shule akipewa hivyo vinne na akafundishwa kuunga, mtoto wa miaka 14 atarudi foleni kuomba kijiko cha pili.